Motere ya Mtoni

Tonton Alphonse, mjomba wa kila mtu na fundi magari wa mtaa wa Mangobo, hakuwa mtu wa kupima injini kwa macho. Macho, alisema, ni ya kutazamia mpira, motere unaisikiliza. Mteja akimletea gari lenye kikohozi, yeye huvuta kigoda, hukaa karibu na boneti, hufumba macho yote mawili, na baada ya dakika mbili anakuambia ugonjwa uko wapi. Na hakosei. Haya, karibu hakosei. Hiyo "karibu" ndiyo iliyozaa mambo yote haya, na ukimwuliza mwenyewe leo atakuambia umwache anywe chai yake kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa kamionete, kigari cha mizigo cha kijani, umri wake unakaribia miaka arobaini, gia nne za mkono, na sokoni kila mtu aliliita Kijani tu. Lilikuwa la Nuru, mfanyabiashara wa mchele. Kwa miaka kumi na sita Nuru alikwenda nalo Bafwasende na kurudi, yeye kwenye usukani, mkewe Kadidja juu ya magunia. Msimu wa mvua uliopita, wakiwa njiani kurudi, Nuru alishikwa na tumbo ghafla, katikati ya msitu. Injini ndogo ya petroli, iliyokuwa imechoka zamani, ikazima kwenye matope chini ya kilima, ikapasuka, ikagoma kabisa. Siku mbili walikaa pale, Kadidja amesimama barabarani akiomba lori lolote lipite. Lori lilipopita, Nuru alikuwa ameshakata roho kitini mwake.

Kaka wa marehemu, Papa Hamadi, fundi cherehani wa Kabondo, mtu wa maneno machache na kanzu isiyo na hata kunyanzi moja, tangu siku ya mazishi hakutaka kuliona gari lile.

"Ile gari ndiyo iliua ndugu yangu," aliwaambia wazee wa ukoo. "Iende kwa batu ya sufuria. Baivunje, baiyeyushe, bamama bapikie pondu ndani."

Kadidja, aliyekuwa ameshaingia eda, alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Shemeji, ile gari ndiyo kazi yangu. Mukiiyeyusha, na miye muniyeyushe pamoja."

Wazee wakakuna ndevu, wakatazamana, wakakata shauri. Eda ni miezi minne na siku kumi. Siku mama huyu atakayotoka eda, dua itasomwa nyumbani kwa Hamadi. Kijani likifika mlangoni pale kabla ya dua, kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa, ni fungu la Kadidja na hakuna atakayefungua mdomo tena. Lisipofika, mtu wa sufuria atalichukua siku hiyo hiyo. Hamadi alikubali upesi. Gari lenye injini iliyopasuka litafika wapi?

Basi Kadidja akamwita Alphonse. Fundi alikaa barazani, yeye akaongea kutoka ndani, dada yake akiwa amekaa kati yao na sinia la mchele.

"Tonton, nataka motere yenye haichoke."

"Kubwa ya namna gani, mama?"

"Kubwa ya kunitoa kwa ile potopoto yenye ilitukamata."

Alphonse akavaa kofia yake, akaaga. Akaenda zake mtoni.

Aliipata wiki ya pili, ufukweni, pale wanapovunja maboti yaliyozeeka. Mlokele mmoja, mtu wa kabila la mtoni, alikuwa anabomoa baleinière yake, boti la mbao refu kuliko nyumba tatu, lililopanda na kushuka mto Kongo mpaka mbao zikawa laini. Lilikuwa na motere mbili za dizeli. Moja ilikuwa imeshakwenda kwa mtu wa kinu cha mpunga. Ya pili ilikuwa imelala juu ya magogo, nyeusi, imelowa mafuta, na Alphonse alipoiona akavua kofia bila kujua kwamba anavua kofia.

Silinda nne tu, lakini silinda gani hizo! Alifungua kichwa cha motere, akaingiza ngumi kwenye tundu la kwanza, ikazama yote mpaka kwenye kifundo. Injini ya zamani ya Kijani ungeweza kuikalisha ndani ya hii ikabaki nafasi ya chai. Mlokele akaifunga, akamwaga dizeli kwenye chupa, akaichomekea betri, ikawaka mara moja. Sauti yake haikuwa kelele. Ilikuwa nzito, inatoka chini, inapita kwenye mchanga, inapanda kwenye nyayo. Alphonse alikaa chini palepale, akafumba macho, akasikiliza. Hakuna kikohozi. Hakuna pengo.

"Nzambe wangu," akasema. "Hii imebeba watu mia mbili na mbuzi zao mpaka Kinshasa, na bado inapumua hivi."

Watu wanane waliipakia kwenye pusipusi, ile mikokoteni ya magurudumu mawili, wakaisukuma kutoka mtoni mpaka Mangobo. Gurudumu moja lilipasuka njiani. Watoto waliacha shule, wanawake waliacha mabeseni yao ya samaki, wakaifuata motere kwa nyimbo utadhani ni harusi. Ilipofika gereji, mti uliokuwa umeshika mnyororo wa kunyanyulia miaka yote hiyo ulilia kriii, na Léon, mchomeleaji wa jirani, akaruka pembeni.

"Tonton, hii hapana ingia humu. Angalia motere na shimo lake!"

"Itaingia."

"Itaingia namna gani?"

"Itaingia kwa sababu nimesema itaingia. Lete tupa."

Ikaanza kazi. Oo, kazi! Motere ya boti na sanduku la gia la kamionete havijawahi kuonana tangu dunia iumbwe. Tundu za bolti za huyu hazilingani na za yule hata moja. Alphonse alichukua bamba la chuma nene la kidole kizima, akalichora kwa chokaa, akalikata, kisha akakaa siku tisa akilipiga tupa kwa mkono ili liwe kati yao na kuwashikanisha. Siku tisa! Akipima, akipiga tupa, akipuliza vumbi, akipima tena. Walikata ukuta wa mbele ya miguu ya dereva ili kichwa cha motere kipate pa kukaa. Walitia springi za lori mbele ili pua ya gari isiguse ardhi. Na kwa kuwa motere hii maisha yake yote ilipozwa kwa maji ya mto, haikuwa hata na feni. Alphonse akatafuta rejeta ya lori, akaifunga, akaweka feni ya umeme mbele yake. Kila Ijumaa alikwenda barazani kwa Kadidja na kumweleza kazi ilipofika, na mama yule, sauti tu nyuma ya pazia, alikuwa akiuliza maswali ya mtu anayejua gari.

"Na ile shafti ya nyuma, Tonton? Haitakuwa ndefu?"

"Léon ataikata, mama."

"Asikate mara mbili, itakuwa fupi."

Siku motere ilipowashwa ndani ya Kijani kwa mara ya kwanza, gari zima lilitikisika toka taa mpaka kibao cha nyuma, kisha likatulia. Kuku wa majirani walikimbia. Bibi mmoja alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza kama kuna ndege inashuka. Alphonse alivuta kigoda, akafumba macho, akasikiliza nusu saa nzima, na tabasamu likamjaa usoni. Aliiwasha tena kesho yake, na keshokutwa, mara thelathini, mara arobaini. Kila mara alifumba macho. Sikumbuki hata mara moja aliyoyafumbua.

Siku ikafika. Shafti ilikuwa imechelewa kwa Léon, maana umeme ulikatika siku nne mfululizo, kwa hiyo bolti ya mwisho ilikazwa asubuhi ileile. Saa mbili na nusu, toleka ikasimama mbele ya gereji, ile baiskeli ya abiria yenye mto nyuma, na juu yake ameketi Kadidja. Ameoga, amevaa kitambaa kipya cha njano na mtandio mweupe. Miezi minne na siku kumi hakuona jua vizuri, akawa anakunja macho. Aliteremka, akasimama mbele ya Kijani, akaweka mkono juu ya boneti mpya iliyochongoka juu kwa sababu motere ilikuwa ndefu.

"Aksanti," akasema. Kisha, "Nataka kufika nayo miye mwenyewe. Dua iko saa ine."

"Mama, simama hapa pembeni uone." Alphonse aliingia kwenye usukani, kifua mbele. Akawasha. Ardhi ikanguruma. Watu walikuwa wameshajaa, hata waendesha toleka walisimama. Akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akaachia pole pole.

Kijani likaenda nyuma.

Likaangusha pipa la mafuta machafu, likagonga nguzo ya mlango, likazima. Watu wakacheka. Alphonse akatoa jasho. Akawasha upya, akatia ya kwanza kwa uangalifu, akaitazama hata fimbo ya gia, akaachia. Nyuma. Akatia ya pili. Nyuma, tena upesi zaidi. Ya tatu ndiyo usiseme.

"Labda umetia marche arrière," Léon akasema, yaani gia ya kurudi nyuma.

"Marche arrière gani?" Alphonse akafoka. "Hii bwati ya gia haina marche arrière! Miaka kumi na moja! Pinyo yake, ile ya meno, ilivunjika, miye mwenyewe nikaitoa, Nuru akasema ya nini, yeye anaendaga mbele tu!"

Ndivyo ilivyokuwa, na wafanyabiashara wote wa Mangobo walilijua hilo: Kijani lilikuwa gari lisilojua kurudi nyuma. Sasa lilikuwa na gia nne za kurudi nyuma, na hata moja ya kwenda mbele haikuwepo.

Alphonse aliteremka. Akachukua kipande cha chokaa, akachora mstari kwenye puli ya mbele ya motere, akamwambia Léon aiwashe kidogo na kuizima. Safari hii alifumbua macho. Mstari ukazunguka kushoto.

Motere za magari yote aliyowahi kufungua zinazunguka kulia. Akakaa chini vumbini. Boti lilikuwa na motere mbili, sivyo? Na boti lenye motere mbili, ili lisivutwe upande mmoja, moja huzungushwa kulia na nyingine kushoto. Ya kulia imekwenda kukoboa mpunga. Yeye amebeba ya kushoto. Na mwanamume mzima mwenye miaka thelathini ya kazi ameisikiliza mara arobaini bila kugundua, kwa sababu motere inayozunguka kushoto inalia sawasawa na inayozunguka kulia.

"Mama," akasema. "Kosa ni langu. Kulitengeneza si shida: nitapindua ile ekseli ya nyuma juu chini, magurudumu yatakubali kwenda mbele. Lakini itanichukua siku mbili."

Siku mbili. Kule Kabondo mtu wa sufuria ameshafika na mkokoteni wake na nyundo, habari hiyo walikuwa nayo tangu alfajiri. Alphonse alitamani ardhi impasukie. Ameharibu fungu la mjane, amemharibia mkate wake, kwa ajili ya majivuno ya sikio. Hakuthubutu kuinua uso.

Aliposikia kibao cha nyuma cha kamionete kinafunguliwa, akainua. Kadidja alikuwa anapanda. Alifunga mtandio kiunoni, akashika vyuma vya paa la kibanda cha dereva, akageuka, akasimama wima, mgongo wake kwa dereva na uso wake kwenye barabara ya nyuma.

"Batu ya ukoo walisema isisukumwe, isivutwe," akasema. "Nani alisema lazima itangulize uso? Ingia, Tonton."

"Mama, miye sitaona njia!"

"Miye nitaona. Miaka kumi na sita nilikuwa huku juu, Nuru chini. Nikigonga katikati mara moja, simama. Mara mbili, enda. Nikigonga kushoto, kata kushoto. Nikigonga kulia, kata kulia. Ingia, saa inaenda."

Wale wanaosafiri juu ya mizigo katika barabara zetu ndivyo wanavyosema na dereva, kwa kiganja juu ya bati. Alphonse aliingia. Akatia ya kwanza. Juu ya kichwa chake: ta-ta. Akaachia klachi, na Kijani likatoka gereji, mkia mbele, mjane wa njano amesimama juu, kiganja kwenye bati la paa.

Mama yangu, Mangobo ilisimama! Waendesha toleka walitangulia wakipiga kengele, Léon akikimbia nao akipunga shati. Watu walitoka kwenye maduka ya kunyolea na povu mashavuni. Alphonse alitazama kwenye kioo cha pembeni, aone barabara kidogo tu, lakini alichoona ni pindo la kitambaa cha njano na mkono mmoja wa Kadidja umenyooka. Ta, kushoto. Akakata kushoto. Ta-ta. Gia ya pili. Hakuwahi maishani mwake kuendesha gari bila kuona, na ajabu ni kwamba baada ya mitaa mitatu hofu ilimtoka. Kiganja kile hakikukosea. Kilijua shimo kabla ya gurudumu, kilijua mbuzi kabla mbuzi hajajua anakwenda wapi.

Kwenye njia panda polisi mmoja aliinua mkono. Gari likasimama. Alizunguka, akatazama mbele iliyo nyuma, akatazama nyuma iliyo mbele, akafungua mdomo, asijue kosa hilo aliite nini. Kadidja akamsalimia kwa adabu, akamwambia anakwenda kwenye dua ya mumewe. Polisi akashusha mkono.

Kisha lile bwawa. Kila mtu wa mjini anajua bwawa lile kabla ya kuingia Kabondo, potopoto nyeusi inayomeza pikipiki mpaka kwenye taa. Asubuhi ile kulikuwa na lori limekwama pembeni na watu wanachimba. Kiganja kikagonga mara moja. Matope. Si katika tope kama hili Kadidja na Nuru walikaa siku mbili?

Alingoja.

Ta-ta.

Aliachia klachi. Hakuongeza mafuta hata kidogo. Kijani likazama mpaka kwenye ekseli, na motere haikubadili sauti. Sijui niseme vipi ili unielewe: haikubadili sauti. Haikulia, haikukohoa, haikuomba. Ilishuka nalo ndani ya tope na kupanda nalo ng'ambo kwa mwendo uleule iliokuwa ikipanda nao mto. Wale wachimbaji wa lori waliinua majembe yao wakabaki nayo hewani. Alphonse alisikia machozi yanamtelemka kwenye ndevu na hakuyapangusa. Miaka thelathini ya motere, na hakuwahi kusikia nguvu iliyo pole namna ile. Alijua pia, bila kuona, kwamba mwanamke aliye juu yake amesimama hajayumba.

Nyumbani kwa Papa Hamadi wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, juzuu zimefungwa, sheikh anasafisha koo. Mtu wa sufuria ameketi mlangoni juu ya mkokoteni wake. Kwanza walisikia kengele. Halafu mikeka ikaanza kutetemeka. Halafu pale kwenye kona akatokea Kadidja, amesimama, anakuja upande wao, na nyuma yake gari zima likimsukuma mbele lenyewe. Hakuna aliyebaki chini. Hata sheikh alisimama.

Kiganja kikagonga mara moja. Kijani likasimama mlangoni, matope yakidondoka, motere ikinguruma.

Papa Hamadi akatoka. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pe, na kwenye mfuko wa kifua zilionekana karatasi za gari. Alizunguka Kijani mzunguko mzima.

"Inakuja mugongo," akasema.

Watu wakacheka, Alphonse akaruka chini. "Papa, kosa ni langu, si la mama. Siku mbili tu, nitapindua ekseli, itaenda mbele kama zote, nakuapia..."

Hamadi hakumsikiliza. Alikuwa ameweka mkono juu ya boneti. Mkono ule wa fundi cherehani, mwembamba, safi, ulitetemeka pamoja na bati. Alikaa hivyo mpaka watu wakaacha kucheka.

"Ilipita kwenye bwawa?" akauliza.

"Ilipita, Papa."

"Bila kusukumwa?"

"Bila hata kuongeza mafuta."

Hamadi akainua uso kwa shemeji yake, aliyekuwa bado amesimama juu. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya mtu anayeogopa atakachojibiwa.

"Kadidja. Siku ile. Kama ingekuwa na hii?"

Kadidja alishika chuma cha paa, akainama kumtazama. Miezi minne na siku kumi watu walimletea pole za kila namna, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

"Tungefika, shemeji," akasema. "Jioni ileile tungefika."

Hamadi aliinamisha kichwa. Alitoa karatasi mfukoni, akazinyoosha kwa kiganja, akampa Kadidja palepale juu, kisha akafunika uso kwa mikono yake miwili na kulia mbele ya watu wote, yeye ambaye kaburini hakulia. Mtu wa sufuria alichukua mkokoteni wake akaondoka bila kuambiwa.

Sheikh alirudi kwenye mkeka. Alphonse, kwa heshima ya dua, alinyoosha mkono dirishani ili azime motere. Hamadi akamshika.

"Usizime," akasema. "Acha niisikie."

Dua ikasomwa hivyo, Kijani mlangoni likinguruma pole pole, mpaka amina ya mwisho.